Mwanamume Anayejua Siku za Mke Wangu

Nyakato, Mwanza
19 Mei 2024

Maige,

Sianzi na salamu ndefu. Ungetaka kujua hali yangu usingenifungia simu. Tangu Jumatatu nikikupigia inakata. Niliazima simu ya Mwalimu Wilhelmina, ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukakata na hiyo. Basi naandika. Barua hii nimempa Venant wa kivukoni akuletee Kamanga, na nimemwambia asiondoke hapo mwaloni unaponunulia samaki mpaka aone umeishika.

Nimejaribu kukumbuka nilisema nini kibaya. Ulikuwa mezani unakula. Nikakuambia, "Mume wangu, daktari amesema ni mimba." Miaka sita nimekuwa nikiifanyia mazoezi sentensi hiyo, Maige. Nimeisema nikifagia, nimeisema nikisahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nilijua kabisa ungefanya nini: ungepiga meza, ungetoka nje ukamwite jirani ambaye hata humpendi. Wewe uliweka tonge kwenye sahani, ukanawa mikono, ukaniuliza neno moja tu.

"Oyoo ameshajua?"

"Si ndiye aliyenipima?"

"Kwa hiyo amejua kabla yangu."

Halafu ukachukua begi. Huo ndio mwisho wa furaha yangu, haikumaliza hata sahani moja ya ugali.

Oyoo kazi yake ni mashine ya altrasaundi. Anatazama matumbo ya wanawake tangu asubuhi hadi jioni, na nina hakika akifika nyumbani kwa mkewe Adongo hataki kusikia habari ya tumbo. Tulisoma wote Musoma, ndiyo. Ananitania, ndiyo. Hata wewe anakuita shemeji na anakutania. Sasa kosa liko wapi?

Mtaa huu kila mwanamke ni Mama Fulani. Mimi peke yangu ni Mwalimu. Unajua jina hilo linavyoniuma, na sasa ndipo linapokaribia kubadilika, wewe umeondoka. Mama Precious ameniuliza kwenye bomba, "Mwalimu, shemeji mbona haonekani?" Nikamjibu samaki wamekuwa wengi.

Nimesikia unakula kwa Paskazia wa hapo mwaloni mchana na jioni. Mimi nami nina macho, na wivu ninao wa kutosha. Tofauti yetu ni kwamba mimi sijafunga begi.

Niambie nimekosa nini.

Bado mkeo,
Hellen

*

Kamanga, Sengerema
26 Mei 2024

Mjomba Obedi,

Shikamoo. Najua masikio yako hayataki tena simu, na kwa mara ya kwanza nashukuru, maana haya nisingeweza kuyatoa mdomoni. Kwa karatasi nitajaribu.

Nimetoka nyumbani. Nakaa kwenye kile chumba changu cha biashara hapa mwaloni. Hellen ana mimba, na mimba si yangu.

Yupo mtu anaitwa Oyoo, mtaalamu wa altrasaundi kwenye kliniki ya mjini tulikokuwa tunapima kwa nini hatupati mtoto. Siku ya kwanza kumwona, alipomtambua Hellen alipiga makofi. Wakaanza kukumbushana walimu wao wa Musoma, nani alikuwa anachapa, nani alikuwa analewa, mimi nimekaa kwenye kiti kama mzigo uliosahaulika kivukoni. Halafu akazima taa, akaweka kile chombo tumboni kwa mke wangu, akaniambia huku anatazama kioo, "Shemeji, yai linakomaa kesho kutwa. Usilale na samaki wako, lala nyumbani."

Mjomba, mwanamume mwingine ananiambia usiku gani nilale na mke wangu! Nilicheka kwa sababu wote walicheka. Na nilikwenda nyumbani kesho kutwa yake, nikalala na mke wangu nikimsikia yule mtu chumbani.

Ikawa hivyo kila mwezi. Siku moja simu ya Hellen ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia: "Yai limepasuka Mwalimu, kazi kwenu." Chini ameweka vile vikatuni vya kucheka. Mimi mume nilikuwa nimekaa hapo hapo, sijui chochote. Tangu siku hiyo nikimwona Hellen anatabasamu peke yake najiuliza anamtabasamia nani. Nimewahi kumfuata mpaka kwenye ngazi za kliniki bila yeye kujua, nikahesabu alikaa ndani muda gani, nikamlinganisha na waliotangulia. Naona aibu kuyaandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Utasema ni wivu wa kitoto. Ninayo sababu nyingine kubwa kuliko Oyoo, ila siwezi kuiandika. Pokea tu neno langu kwamba mtoto yule hawezi kuwa wangu. Sishuku, Mjomba. Najua.

Ninachoomba ni kimoja. Wewe ndiye uliyeongoza wazee kwenda Musoma kumwomba Hellen. Ulisafiri kutoka Njombe na koti lako zito, watu wakakucheka kwa joto. Bila mkono wako siwezi kumrudisha kwa heshima. Mwandikie baba yake kwamba tumeshindwana.

Mpwa wako,
Maige

*

Njombe
9 Juni 2024

Mpwa wangu Maige,

Marahaba. Barua yako ilikuja na basi, imefika jana ikinuka dagaa. Niliinusa kabla ya kuisoma. Wewe huwezi kuisikia harufu hiyo kwa sababu unaishi ndani yake. Mimi ilinisimamisha mlangoni, na kwa muda nilikuwa kijana tena nikiteremka Kamanga na viatu mkononi. Serikali ilinipa barua ya uhamisho nikiwa sina hata mvi moja, ikanileta huku kuhudumia ng'ombe wa maziwa. Kazi ilinileta, kaburi la mke wangu limeniweka. Unisamehe kwa kuanza mbali. Mtu anayepata barua chache huzitumia zote.

Kwa baba yake Hellen sijaandika. Barua ya kuomba mke niliweza kuiandika kwa moyo mweupe bila kuulizwa sababu. Barua ya kumrudisha mtu inataka sababu, tena sababu ambayo mwandishi anaweza kuitamka mbele ya baba wa yule anayerudishwa. Wewe unaniambia unajua, halafu unakataa kuniambia unajuaje. Nitie nini katika barua hiyo? Kwamba kuna mtu anacheka sana kwenye simu?

Miaka yote ya kazi yangu wafugaji waliniandikia: Bwana Mifugo, dume langu ni bovu, nataka kulichinja. Sikuwahi kukubali kwa maneno. Nilikwenda kwanza zizini. Sasa siwezi kuja zizini kwako, magoti hayaruhusu, kwa hiyo zizi lako lilete kwenye karatasi. Kama ulipimwa, sema. Kama ulipimwa, eleza yote tangu ulipoamka mpaka ulipopewa jibu: wapi, kwa namna gani, nani alisema nini. Usiruke jambo kwa ajili ya aibu. Mimi nimezeeka katika kazi ya uhimilishaji, kuwapandisha ng'ombe kwa mrija, mkono wangu umeshinda mahali ambapo aibu haifiki.

Jambo moja zaidi. Mkeo naye ameniandikia. Hajaniomba nimtetee, ameuliza tu kama kwetu kuna mila ambayo ameivunja bila kujua, maana yeye ni mtu wa Mara. Nimesoma mstari huo mara nyingi. Hana habari ya hiyo sababu yako nyingine. Anadhani ni Oyoo tu.

Mimi ni mjomba wako,
Obedi Kashindye

*

Kamanga
20 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Umeniweka mahali ambapo siwezi kutoka bila kusema. Haya.

Novemba mwaka jana daktari alisema haitoshi kumpima mama peke yake, akanipa kichupa. Kuna chumba kidogo pale kliniki cha kufanyia hiyo kazi. Kitasa chake kibovu, na ukiwa ndani unasikia wanawake nje wanazungumza mambo ya mchele. Nilikaa humo nikatoka kama nilivyoingia. Dada wa maabara alipoona hali yangu akasema hata nyumbani inawezekana, akaanza kunieleza masharti. Mjomba, binti mdogo kama yule ananieleza mimi mambo yale! Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu. Maneno yake nilipata machache, kwamba isikae sana, itaharibika.

Nyumbani Nyakato wakati ule dada yake Hellen alikuwa amekuja na watoto, nyumba imejaa. Nikaja chumbani kwangu hapa Kamanga, asubuhi na mapema, nikafanya.

Hapo ujuzi wa kazi ukanisaidia. Kitu cha kuharibika hakivushwi hivi hivi. Nilichukua lile sanduku dogo la barafu ninalopelekea minofu ya watu wa hoteli, nikaponda barafu mpaka ikawa laini kama chumvi, nikakizika kichupa katikati mpaka kwenye kizibo. Nikapanda kivuko cha kwanza. Nilipofika karibu na kliniki nilikitoa, nikakifuta maji vizuri, nikatia mfuko wa shati, sanduku nikaliacha kwa muuza magazeti, maana nani anataka kuonekana maabara na sanduku la samaki? Dada alipokea kwa glavu. Akauliza nimetoka nayo wapi, nikasema hapa hapa mtaani, ili asianze maswali mengine. Kwa hiyo usije ukafikiri iliharibika njiani. Sato wangu akivuka namna hiyo anafika macho yanang'aa.

Baadaye daktari aliniita, akafunga mlango. Akasema mbegu zipo, tena nyingi tu, lakini hakuna hata moja inayotembea. Akasema kipimo kimoja hakimhukumu mtu, nirudi Januari turudie. Sikurudi. Mara moja ilinitosha.

Hellen nilimwambia wameniona sina tatizo.

Sasa unayo sababu. Mwanamume ambaye mbegu zake zote zimelala, mke wake akipata mimba, aliyempa ni mwingine. Na nani mwingine anayejua siku zake? Naomba uiandike ile barua.

Maige

*

Njombe
30 Juni 2024

Maige,

Isome hii ukiwa umekaa.

Nilipofika mahali pa barafu niliiweka barua yako mezani, nikatoka nje. Huku mwezi wa sita baridi inachoma majani ya viazi yakawa meusi. Nikayatazama, nikarudi ndani, nikasoma tena nikidhani macho yangu yameongeza neno.

Mpwa wangu, ulizipiga baridi.

Nitakueleza ninachokijua kwa ng'ombe. Mbegu ya dume tunaigandisha, ndiyo, na hukaa miaka. Lakini kabla ya hapo huchanganywa na maji maalumu yenye kiini cha yai, kisha hupozwa polepole sana, kama unavyomshusha mgonjwa ngazi. Ukiitoa kwenye joto la mwili ukaitumbukiza kwenye barafu, inapata mshtuko. Mwalimu wetu wa chuo alituonyesha kwa makusudi. Aliweka tone chini ya darubini, nikaona nyingi kama mchanga, na hakuna hata moja iliyotikisika. Maneno ya daktari wako na picha ile ni kitu kimoja. Na mbegu ya binadamu, kwa yote niliyosoma, inataka kichupa kibebwe mwilini, ndani ya shati au kwapani, kifike upesi kikiwa na joto. Nadhani hayo ndiyo aliyokuwa akieleza yule binti ulipokuwa ukitazama vidole vyako.

Sikucheki. Wewe ni mtu wa samaki. Kila kitu cha thamani ulichowahi kukivusha ulikivusha kwenye barafu, na mtu aliyekutazama ukiiponda laini kama chumvi angeona jinsi ulivyoitunza. Ulimkosesha daktari mambo mawili: hakuona sanduku, na binti wake wa maabara ulimdanganya ulikotoka. Angeliona lile sanduku angekurudisha siku ile ile na kichupa kipya.

Mimi ni bwana mifugo, si daktari wa watu. Nenda ukapime upya kama ulivyoagizwa Januari. Wala sisemi kwamba mtoto ni wako kwa sababu ya barafu. Barafu inasema jambo dogo tu, kwamba hicho unachokiita kujua hukukijua. Ukikiondoa, unabaki na neno la mkeo upande mmoja na wivu wako upande wa pili. Na wivu wako, kwa jinsi unavyouandika, una ushahidi wa makofi na vikatuni.

Mwambie Hellen mwenyewe. Mimi sitamwambia.

Jioni nimeketi nikawaonea nyinyi wivu. Mnagombana, lakini mnagombana mkitazamana na ziwa, na kivuko kinapeleka barua zenu na kurudi. Ningalikuwa mahali pako, Maige, ningekuwa nimeshavuka.

Obedi Kashindye

*

Kamanga
7 Julai 2024

Hellen,

Barua yako ya Mei ninayo. Naibeba. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza nilifika kwenye neno moja nikakwama, na neno lenyewe ni hili: nilikudanganya.

Novemba daktari hakusema sina tatizo. Alisema mbegu zangu zote hazitembei. Niliogopa ukisikia utanitazama kama wanavyomtazama yule Chenge wa Nyakato ambaye watu humtania kilabuni kwa kukosa mtoto. Nikanyamaza. Halafu ukaniambia una mimba. Hebu fikiria nilisikia nini.

Nilimweleza Mjomba kila kitu. Kumbe, kwa maelezo yake, kosa lilikuwa langu. Kile kichupa nilikivusha kwenye sanduku la barafu. Anasema baridi inaziua, na mbegu zilitakiwa zibebwe kwenye joto la mwili. Mimi nilidhani nazitunza.

Jumanne nitakwenda kupima upya, pale pale kliniki, kitasa kibovu au kizima. Majibu ni Ijumaa. Yakiwa mazuri nitayaleta nyumbani tuwe na uhakika, na haya yote yaishe.

Kwa Paskazia nakula kwa sababu sijui kupika. Ana mume mkali kuliko mimi.

Maige

*

Nyakato
10 Julai 2024

Maige,

Venant amenikuta shuleni. Nimeisoma barua yako kwenye ofisi ya walimu, nikaanza kucheka mpaka Mwalimu Wilhelmina akaniletea maji. Mume wangu amewapanga watoto wangu kwenye barafu kama sato wa hoteli. Nilicheka kweli. Halafu nikafika kwenye neno Novemba, nikaacha kucheka.

Januari walinipima mirija. Unakumbuka? Walinilaza kwenye kitanda cha chuma, wakaniingizia dawa ndani kwa mpira, wakapiga picha. Niliuma kanga yangu mpaka ikatoboka. Ulinishika mkono hadi mlangoni, ukaniambia, "Jikaze, mama." Ulikuwa unajua. Ulikuwa unaamini moyoni kwamba hakuna mtoto atakayekuja, mirija iwe wazi au imeziba, na ukaniacha niingie. Ukakaa kwenye benchi unasubiri.

Na kabla ya hapo ulikuja nyumbani ukaniambia wewe huna tatizo. Miezi yote ile nililala nikiutukana mwili wangu. Dada yako alipokuja kusema uoe mwingine, nilimpikia kuku.

Wewe unamwonea wivu Oyoo kwa sababu alijua siku zangu. Sikiliza na wangu. Mimi namwonea wivu Mjomba. Mzee wa Njombe, asiyesikia simu, amejua siri ya mume wangu kabla yangu. Ungeniambia Novemba, usiku ule ule, ningekuuliza swali moja tu: kichupa ulikibeba na nini? Maana nakujua. Hakuna kitu unachokipenda ambacho hujawahi kukiweka kwenye barafu.

Sasa unasema utaleta majibu "tuwe na uhakika". Uhakika mimi ninao, nimelala nao kitanda kimoja miaka sita. Ukitaka kupima, pima, ni mwili wako na daktari alikuagiza. Lakini hayo majibu usinipitishie mlangoni. Mwanamume atakayeingia kwangu kwa sababu ya karatasi nzuri, siku akipata karatasi mbaya atatoka.

Ijumaa saa nne asubuhi nina kipimo. Anayepima ni Oyoo. Ningeweza kuomba mtu mwingine, nimekataa, sitamkimbia mtu ambaye sijafanya naye kosa.

Ukija, njoo kabla hujasoma kitu. Usipokuja, baba yangu nitamwandikia mwenyewe. Mjomba aliyekuja kukuposea apumzike.

Hellen

*

Nyakato, Mwanza
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ona anuani juu hapo, ndipo uendelee.

Jumanne nilipima. Dada wa maabara alikuwa yule yule. Safari hii nilimtazama usoni, nikamwomba arudie masharti, akayasema yote, nami nikamwambia habari ya barafu. Alijizuia kwa heshima, kisha akaenda chumba cha pili, nikamsikia anacheka huko. Si kitu.

Ijumaa nilivuka mapema. Pale kliniki kuna ukumbi mwembamba: dirisha la maabara kushoto, mlango wa altrasaundi kulia. Dada akaniona. "Kaka Maige, majibu yako tayari haya hapa." Akayanyanyua. Upande wa kulia mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani nilimsikia yule mtu anacheka, na Hellen anacheka.

Sitakuficha. Kicheko kile kilinipita kama kisu cha minofu. Mkono wangu ulishafika dirishani. Nilikuwa nasema moyoni, chukua, soma, ukiingia uwe unajua unasimama wapi. Ile karatasi nilikuwa naiona kwa upande wa nyuma, maandishi yanaonekana kwa mbali, na ningeweza kuyasoma kama angeigeuza tu. Nikakumbuka Januari, benchi lile lile, Hellen ndani na mimi nje nikiwa na siri yangu. Nikamwambia dada, "Yaweke kwanza." Nikaingia.

Hellen alinitazama mikono. Haikuwa na kitu. Akasogeza mkoba wake kwenye kiti ili nikae.

Oyoo akasema, "Shemeji, hatimaye! Sogea, ukiwa huko utaona ukuta tu." Akageuza kioo upande wangu. Mjomba, niliona kichwa. Niliona uti wa mgongo umejipanga kama wa samaki mdogo, unisamehe, sina mfano mwingine. Niliona mguu unapiga. Nilitamani kumchukia Oyoo kwa kuvizoea vitu vile, kwa jinsi alivyokuwa anapita juu yake kwa kidole kimoja huku anataja urefu.

Akauliza, "Leo amekaa vizuri kabisa. Mnataka kujua ni wa kike au wa kiume?"

Hellen akageuza uso ukutani, akafunika masikio kwa mikono yote miwili. Akasema, "Mwambie yeye. Safari hii ajue kabla yangu."

Oyoo akainama akaninong'oneza.

Nililia, Mjomba. Yule mtu alizima kioo akasema anakwenda kutafuta karatasi za kufutia, akakaa huko muda mrefu, na karatasi zilikuwa pale pale mezani.

Tulipotoka tulipita dirishani. Dada akaniita tena. Nikamwambia nitapita siku nyingine. Jana amenipigia simu mara mbili. Labda nitakwenda, maana daktari alitaka kuniona na wewe uliniagiza, lakini nitakwenda na Hellen, asome yeye kwanza. Haraka imeniisha.

Hellen hajanisamehe. Januari yake ananihesabia kila siku kwa namna yake: jana amenipa ufagio, leo nimechota maji mbele ya mtaa mzima na Mama Precious akauliza kama samaki wamepungua. Usiku anageukia ukuta. Lakini simu yangu ameizungumzia mwenyewe, amesema niifungue namba yake, nami nimeifungua.

Oyoo bado simpendi. Nataka ulijue hilo. Amenitumia ujumbe, "Hongera shemeji," na vile vikatuni vyake, na mwili ukanisisimka kwa hasira nikiwa peke yangu jikoni. Tena nimefikiri: hata nililonong'onezwa, yeye alilijua kabla yangu. Hakuna namna, ndiyo kazi yake.

Mtoto akizaliwa tutakuja kukuchukua. Utakaa upande wa dirisha mpaka uone ziwa, na magoti tutayabeba.

Kuhusu neno lile, Hellen alisema hataki kulijua. Ijumaa jioni alipika, akaniuliza kama mtu anayeuliza chumvi, "Alisema nini?" Nikasema, si ulifunika masikio? Jana aliniuliza mara mbili. Leo amenuna, anasema si haki mimi nitembee nalo mjini huku tumbo ni lake. Sasa wivu umehamia kwake, na nauona ulivyo mzito. Nimemwambia atasikia leo jioni, akimaliza kusahihisha madaftari.

Wewe nawe najua umefika hapa unatafuta neno hilo kwenye mstari unaofuata. Halipo. Mke wangu ameshakuonea wivu mara moja, na mimi ndiye niliyemtia. Safari hii atajua kabla yako.

Mpwa wako,
Maige